Msimu Katika Fasihi na Katika Kalamu ya Mtahiniwa: Mifano ya Kibera na Kawangware

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu mandhari ya kazi ya fasihi, aghalabu hujibu kwa kutaja mahali, kisha wakati. Mahali hupewa aya nzima. Wakati hupewa sentensi moja: kwamba kisa kinatukia msimu wa mvua, au wakati wa baridi, au jua la utosi. Baada ya hapo mtahiniwa hukimbilia maudhui, mahali anapoamini ndipo alama zilipo. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba sentensi hiyo moja huacha nje mambo mengi. Msimu huathiri nguvu za mhusika, huathiri nguvu za mwandishi anapoandika, na huathiri pia nguvu za msomaji anayejaribu kuelewa. Nitatoa mifano kutoka Kibera na Kawangware, mitaa wanakotoka wanafunzi ninaowafundisha, na mahali ambapo athari hiyo haifichiki nyuma ya kuta za mawe na dirisha la vioo.

Tuanze na neno lenyewe. Msimu limetokana na neno la Kiarabu mawsim, neno ambalo Wareno na Wazungu wengine walilichukua na kulitumia kuziita pepo za Bahari Hindi. Kwa Mswahili wa pwani, msimu ulikuwa suala la upepo kabla ya kuwa suala la mvua. Kaskazi ilivuma kuanzia Desemba hadi Machi na kuleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ilianza Aprili na kuyarudisha. Kati yake kulikuwa na masika, kipupwe, demani na vuli, kila moja na shughuli zake. Mwalimu anayefundisha tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, malenga aliyefariki karibu na mwaka 1840, atawasaidia wanafunzi wake sana akianza na kalenda hii. Muyaka aliishi katika mji ambao riziki, habari na hata vita vilisafiri kwa upepo. Kusi ilipopamba moto katikati ya mwaka, vyombo vya masafa vilipumzishwa na watu wakabaki bandarini. Kwa maoni yangu, mji uliolazimishwa kukaa nyumbani miezi kadhaa kila mwaka ni mji wenye wasikilizaji wa mashairi. Hilo silitoi kama ushahidi wa kihistoria. Nalitoa kama swali ambalo mwanafunzi anapaswa kuzoea kuuliza: mtunzi huyu alikuwa na nafasi ya kutunga lini, na watu walikuwa na nafasi ya kumsikiliza lini?

Maneno haya ya pwani tuliyarithi bara pamoja na lugha yenyewe, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kipupwe cha Mombasa ni faraja. Joto la usiku wa Julai huko huzungukia nyuzi 20, na watu hushukuru kupata usingizi baada ya fukuto la miezi ya kaskazi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ya Julai joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, na wingu zito hukaa juu ya mji kutwa bila kunyesha wala kuondoka. Katika nyumba ya mabati ya Gatwekera au ya Gatina, baridi hiyo hupenya kila tundu la msumari. Mwanafunzi anayeandika katika insha yake kwamba "upepo mwanana wa kipupwe ulimpapasa" ametumia msamiati ambao mwalimu atautia alama ya vyema, lakini hajaandika kuhusu kitu chochote alichowahi kuhisi. Amevaa kipupwe cha mtu mwingine.

Huhitaji kwenda mbali kupata wanaoijua hali hii ya anga. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, kando ya Ngong Road, baina ya mitaa hii miwili. Kutoka hapo Kawangware ni mwendo mfupi kwa Naivasha Road, na ukielekea mjini, Kibera utaikuta upande wako wa kulia. Vipimo vinavyosomwa redioni kila jioni huchukuliwa karibu sana na wanafunzi hawa. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuvitumia darasani: taarifa ya hali ya hewa ni rejesta, nayo huulizwa katika karatasi ya lugha.

Hapa yafaa kutoa tahadhari. Wapo wanafunzi wanaosoma kuhusu huzuni inayowapata watu wa Ulaya na Marekani wakati wa majira ya baridi, wakahamisha maelezo hayo mazimamazima hadi kwenye insha zao. Ni kweli kwamba mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza aina ya sonona inayorejea kila majira ya baridi, na wakahusisha chanzo chake na uhaba wa mwanga. Lakini Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta. Urefu wa mchana wetu hubadilika kwa dakika chache mno mwaka mzima. Jua la Juni na la Desemba huchomoza na kutua karibu saa zilezile. Kinachobadilika kwetu ni wingu, mvua, vumbi, na gharama ya kujikinga navyo. Hivyo mwandishi wa Nairobi anayetaka kueleza uchovu wa Julai hana haja ya theluji. Ana makaa yaliyopanda bei. Ana mama aliyeamka saa kumi usiku kuuza chai kituoni, na ana moshi wa jiko ndani ya chumba kimoja wanamolala watu sita.

Mvua juu ya mabati

Mfano ulio wazi zaidi ni masika. Kila mwalimu aliyefundisha chini ya paa la mabati lisilo na dari anaijua hali hii. Mvua inapoanza kunyesha kwa nguvu, sauti ya mwalimu humezwa. Unaweza kupaaza sauti hadi koo likauke. Safu ya nyuma haisikii. Majadiliano hukoma, ngonjera hukoma, usomaji wa kupokezana hukoma. Kwa dakika 20 au 30 darasa la fasihi halina budi kuwa kimya.

Nimezoea kuutumia muda huo kwa kuandika. Huandika ubaoni mdokezo mmoja, nao huinamia madaftari yao. Nimeona kwa miaka kadhaa kwamba insha zinazoandikwa chini ya kelele hiyo hutofautiana na zile zinazoandikwa Jumatatu asubuhi kukiwa shwari. Zile za asubuhi zimejaa vifungu vya kukariri: jogoo la kwanza, miale ya jua la matlai, ndege wanaotumbuiza matawini. (Sijui mwanafunzi wa Kawangware aliwasikia wapi ndege hao, asubuhi yake huanza kwa adhana, honi za matatu ya 46 na mlio wa ndoo mferejini.) Zile za wakati wa mvua huwa fupi, makosa ya sarufi ni mengi, lakini ndani yake mna mtaro unaofurika, godoro linalonyanyuliwa na kufungwa kwenye boriti, na kaka mkubwa anayechimba mfereji nyuma ya nyumba kwa sufuria. Mvua inayomnyima mwanafunzi sikio humpa la kuandika. Mwanafunzi huyohuyo, usiku wa siku hiyo, hatalala. Kesho yake atasinzia katika kipindi cha kwanza, na mwalimu asiyejua alikolala atamwita mvivu.

Jambo hili lina uzito katika usahihishaji. Katika mtihani mmoja wa majaribio, ambao sitautaja ni wa eneo gani, watahiniwa walipewa shairi lenye taswira ya mvua na kuulizwa mvua hiyo inaashiria nini. Mwongozo wa kusahihishia ulikuwa na jibu moja: neema. Baadhi ya wanafunzi wetu waliandika hofu. Waliandika pia maangamizi, na mmoja aliandika kuhama. Wote walikosa. Nililisoma shairi lile upya nikaona kwamba neno hofu lingeweza kutetewa kwa beti mbili zake, iwapo mtahiniwa angeombwa kutetea. Mwongozo ulisahihisha shairi kwa macho ya mkulima. Mkulima anaingoja mvua, na ana haki ya kuiita neema. Aliyejenga kando ya Mto Ngong au kando ya Nairobi Dam anaingoja pia, lakini anaingoja kwa namna nyingine. Ishara katika ushairi hutegemea matini na muktadha wake. Tunaposema mvua ni neema daima, na kiangazi ni dhiki daima, tumegeuza jazanda kuwa jedwali la hesabu.

Masika ya mwaka 2024 yaliliweka jambo hili mbele ya macho ya nchi nzima. Mafuriko yalikuwa makubwa kiasi kwamba ufunguzi wa shule wa muhula wa pili uliahirishwa kutoka tarehe 29 Aprili hadi tarehe 13 Mei. Baada ya maji kuja tingatinga zilizobomoa nyumba kando ya mito ya Nairobi, katika maeneo kama Mathare na Mukuru. Kwa wakazi wa mitaa ya mabanda, msimu wa mvua na msimu wa kubomolewa viliungana vikawa kitu kimoja.

Mtahiniwa aliyesoma hadithi ya "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed, iliyoipa jina diwani ya mwaka 2016 ambayo ilitahiniwa katika KCSE kwa miaka kadhaa, atatambua mara moja ninakoelekea. Mtaa wa kina Mzee Mago unaitwa Madongoporomoka. Miongozo mingi husema jina hilo linaashiria umaskini, kisha ikaendelea na uchanganuzi wa Jitu, ulafi wake na unyakuzi wa ardhi. Hakuna kosa hapo, lakini hebu tulitazame jina lenyewe. Madongo huporomoka lini? Huporomoka yakilowa. Udongo mkavu husimama. Mwandishi ameuita mtaa mzima kwa jina la kile ambacho mvua huufanyia. Masika yamo ndani ya jina hata pale ambapo kisa hakitaji tone la maji. Ni mtaa ambao wakazi wake hutumia sehemu ya nguvu zao, mwaka baada ya mwaka, kujenga tena kilichoanguka. Ukilisoma jina hivyo, Jitu linapokuja halileti maangamizi kwa mara ya kwanza. Linakuja juu ya watu waliokwisha kuchoka, na bado wanabishana nalo. Ushujaa wa Mzee Mago huongezeka tukijua uchovu wake umetoka wapi.

Majina ya Kibera nayo yanafundisha hivyo hivyo. Kibera yenyewe hutokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu, jina walilolitoa askari Wanubi waliokaa huko mwanzoni mwa karne ya 20. Mashimoni haihitaji kufafanuliwa. Silanga, kijiji kilicho karibu na Nairobi Dam, kina jina ambalo wengi nchini hulitumia kwa bwawa. Zoezi zuri la uhakiki ni kumwambia mwanafunzi aandike aya moja kuhusu jina la kijiji chake kama angeandika kuhusu Madongoporomoka.

Kiangazi na kisima

Kiangazi nitakipitia kwa haraka. Januari hadi katikati ya Machi, mabati hayohayo yaliyopitisha baridi huwa tanuri kuanzia saa sita mchana. Maji ya mfereji huja kwa zamu au yasije, na bei ya mtungi wa lita 20 hupanda. Foleni ya maji huchukua saa ambazo zingekuwa za kusoma, na wanaopanga foleni wengi wao ni wasichana. Nilipofundisha tamthilia ya Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, iliyotoka mwaka 2001, niliona tofauti ya wazi baina ya mwaka tulioisoma muhula wa kwanza na mwaka tulioisoma muhula wa tatu. Muhula wa kwanza, wanafunzi hawakuhitaji kuelezwa kwa nini Mwelusi auawe kisimani na si penginepo. Walijua kwamba mahali pa maji ndipo watu hukutana, hugombana, hupata habari na huonyeshwa nani mwenye nguvu. Muhula wa tatu, vuli imeshaanza na mitungi imejaa, swali lilelile lilijibiwa kwa maneno ya mwongozo. Matini haikubadilika hata neno moja; kiu ya wasomaji ndiyo iliyokuwa imebadilika.

Julai, tamasha na nyimbo

Pengine msomaji atasema kwamba ninayaeleza haya kana kwamba ubunifu wa shuleni hufuata mbingu. Kwa kiasi kikubwa hufuata, ingawa hupitia kalenda ya wizara. Mazoezi ya drama hufanywa muhula wa kwanza, katika joto na ukame, na tamasha ya kitaifa hufanyika takriban Aprili. Tamasha ya muziki, ambayo ndiyo yenye mashairi ya kukariri na nyimbo za jamii mbalimbali, hufikia kilele chake Agosti. Ina maana kwamba kwaya na wakariri hufanya mazoezi katika miezi ya baridi kuliko yote. Nimewasikia walimu wakilalamika kwamba Julai wanafunzi wamelegea, hawana ari. Wanafunzi haohao ukiwakuta saa kumi na moja jioni wakipiga ngoma za isukuti hutaamini. Mwili unaotetemeka dawatini huchangamka ukiruhusiwa kucheza. Ulegevu tunaouona asubuhi una sababu nyingine: wengi wametembea kutoka Laini Saba au Kongo bila sweta ya pili wala kifunguakinywa.

Fasihi simulizi imelijua hili tangu zamani. Vitabu vyetu vya kiada husema ngano husimuliwa jioni baada ya kazi, na wanafunzi huikariri sifa hiyo bila kuuliza baada ya kazi gani, na mwezi gani. Nyimbo za kazi zina msimu: za kulima si za kuvuna. Nyiso zina msimu. Miongoni mwa Wabukusu tohara hufanywa Agosti ya miaka shufwa, baada ya mavuno, chakula kikiwa tele na watu wakiwa na nguvu za kusafiri na kukesha. Kawangware ina wakazi wengi waliotoka magharibi ya Kenya, na mwanafunzi ambaye kaka yake alipelekwa nyumbani mwezi huo anayo maarifa yasiyo katika mwongozo wowote. Anajua wimbo ule ukiimbwa Februari haukamiliki. Akiulizwa katika karatasi ya tatu aeleze muktadha wa uwasilishaji, na ajibu kwa kutaja mwezi, mavuno na baridi ya alfajiri mtoni, apewe alama zake zote.

Hoja ya upande wa pili

Ipo hoja nzito dhidi ya haya yote, nayo haifai kuepukwa. Mwandishi wa kweli, husemwa, huandika katika hali yoyote. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa Kenya: Twendapi?, na diwani yake ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973, ni zao la kifungo hicho, ikiandikwa kwa siri kwenye karatasi za msalani. Mfungwa wa upweke hana masika wala demani, ana ukuta. Ikiwa tungo za namna ile zilitoka mle, mwanafunzi wa Kibera ana udhuru gani?

Mimi naisoma diwani ile kwa namna tofauti. Inatuonyesha gharama. Msomaji makini hujiuliza mtunzi alitumia nguvu kiasi gani kulinda fikra zake ili ziweze kutunga, na ni wangapi waliofungwa vilevile wasiweze. Kumtumia shujaa kama kipimo cha kila mtu ni kuwadhulumu wanaobaki. Tena kuna kisa cha Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 2012, ambacho hutusaidia hapa kutoka upande mwingine. Amani, anayefanya kazi ya kijungujiko kwa Mtemi Nasaba Bora, ndiye aliyeutunga mswada. Mwalimu Majisifu, mwenye nyumba, mshahara na paa lisilovuja, hakutunga, aliuiba. Kwa hivyo dhiki haikumzuia Amani kuandika, na starehe haikumpa Majisifu kipaji. Wanaotetea hoja ya kwanza watafurahi hapo. Lakini waendelee kusoma: Amani alipoteza kazi yake kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuilinda. Jasho la mtu wa chini huandika, kisha jina la mwenye nafasi likachapishwa. Hilo ndilo swali la nguvu na ubunifu kama riwaya inavyoliuliza, na mtahiniwa anayelijibu kwa kusema tu kwamba Amani ana bidii amelijibu nusu.

Kwa mwalimu mwenzangu anayepanga maazimio ya kazi, nina mapendekezo machache ya vitendo. Insha za kubuni zigawanywe katika mihula yote mitatu badala ya kurundikwa Septemba, mtihani unapokaribia na vuli inanukia. Mwanafunzi apewe mada ileile, kwa mfano njia ya kwenda shuleni, mwezi wa Februari, wa Mei na wa Julai, kisha aziweke insha zake tatu pamoja na kuzihakiki mwenyewe: sentensi zimefupika wapi, hisi gani imetawala, ni harufu au ni sauti. Maneno ya kipupwe, demani, matlai na rasharasha yafundishwe pamoja na mahali yalikotoka, na mwanafunzi aruhusiwe kuandika "baridi ya Julai" bila kukatwa alama za msamiati.

Nao wasahihishaji wa mitihani ya majaribio, wanapokutana kuafikiana kuhusu mwongozo, waongeze chini ya kila swali la jazanda mstari mmoja: jibu lolote jingine likubaliwe iwapo mtahiniwa amelitetea kwa ushahidi wa shairi. Mstari huo hauongezi kazi nyingi. Yule mwanafunzi aliyeandika kuhama alikuwa ametaja ubeti aliouona ukimuunga mkono, na nambari ya mshororo akaiweka.